Oili Inakwenda Wapi

...na kama ni ringi za pistoni ndizo zilizokwisha basi na mimi nimekwisha, maana oili hii niliichagua mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu, nikapiga na kifua, nikamwambia Bwana Taratibu achana na hiyo ya kizamani, chukua hii yenye dawa ya kusafisha, injini yako itajiona imezaliwa upya, loh, mdomo wangu mimi, nani aliniomba ushauri, mtu kaja kununua oili ile ile ambayo baba yake alikuwa akiinunua kwa marehemu mume wangu tangu trekta hili lina rangi, mimi nikajitia bingwa, na sasa ndiyo hapa, tumesimama uani kwake asubuhi asubuhi, yeye, mimi na trekta kuukuu, injini ameizima sasa hivi, chuma kinapoa kinalialia, tik, tik, na nimemkataza asiivute stiki ya kupimia kwanza, subiri, nimemwambia, acha oili yote ishuke kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, ukipima wakati oili nyingine bado iko juu huko kwenye mashine utasoma uongo, na yeye kaitikia kwa kichwa tu, tambara mkononi, watu hawakumwita Bwana Taratibu bure, analima taratibu, anatembea taratibu, salamu yake ukiisubiri iishe unaweza kuuza filta mbili hapo katikati, lakini mtu mwema jamani, mtu asiye na makelele, na ndiyo maana naumia, ningekuwa nimemuulia trekta mmoja wa wale walevi wanaokuja kunifokea dukani nisingekosa usingizi, lakini huyu, trekta la marehemu baba yake, analiita Mzee, "Mzee kaamkaje leo," nimemsikia analiuliza nilipokuwa nafungua geti, halafu aliponiona akajikohoza kama mtu aliyekutwa anaimba bafuni... na kavaa shati la pasi, nimeliona tangu naingia, mistari ya pasi mikononi imenyooka utadhani anakwenda kuapishwa, nani anavaa shati la pasi kuchungulia oili, litachafuka sasa hivi halafu ahangaike na sabuni, lakini hayo si yangu, yangu ni moja tu, oili inakwenda wapi, maana kila Alhamisi mtu huyu yuko dukani kwangu, kila Alhamisi ya Mungu, "Habari za hapa Mama Oili," "nzuri, za Mzee," "Mzee bado anakula oili," anasema huku anaangalia viatu vyake, anachukua dumu jingine, anaondoka, mwanzo nikaona kawaida, injini ya umri ule ikila kidogo ni haki yake, na sisi wenyewe umri ukienda tunataka chai ya ziada, lakini dumu zima, kila wiki, msimu mzima! hapana, hapo pana ugonjwa, na ugonjwa huo kama upo nimeuleta mimi.

Maana najua mimi kinavyotokea, nimeuza oili miaka na miaka, injini iliyozoea oili ya kizamani, ile isiyo na dawa, huwa inajijaza tope jeusi ndani, kila kona limejishika, na zile sili za mpira zinazozuia oili isitoke, zilizochoka, zilizopasukapasuka, tope ndilo limezizibia, sasa wewe mjuaji unaleta oili yenye dawa, inasafisha, inasugua, tope lote linang'oka, hongera, halafu unakuta kumbe tope ndilo lilikuwa linashikilia nyumba, oili inaanza kutoka kila mahali, au tope lenyewe linakwenda kuziba filta, injini inakaa na njaa ya oili huku oili imejaa tele, na nilimwambia, Mungu ni shahidi, nilimwambia ya kwanza imwage mapema, usiikawize, itoke na uchafu wake, weka filta mpya, halafu tia nyingine, sasa je, alifanya? aliitikia kwa kichwa, lakini huyu anaitikia kila kitu kwa kichwa, ukimwambia nyumba yako inaungua atakuitikia kwa kichwa... ndiyo maana Alhamisi iliyopita uvumilivu ukaniisha, nikamwambia basi nakuja mwenyewe nilione, na alivyoshtuka! utadhani nimemwambia nakuja na polisi, "hapana, hapana, usijisumbue Mama Oili, njia ina vumbi," dumu likamponyoka likamwangukia mguuni, na binti yangu nyuma ya kaunta akajifunika uso kwa kalenda ya ukutani, mabega yanamtikisika, "nenda mama, nenda kamwone mgonjwa wako," kicheko, hata sijui kilichomchekesha, watoto wa siku hizi ukijikwaa wanacheka, ukinyooka wanacheka, nimemwachia duka, Mungu amsaidie asimuuzie mtu oili ya gia kwa ajili ya pikipiki... "Mama Oili," anasema Bwana Taratibu, "kuna jambo nilikuwa nataka," "subiri," namwambia, "usiongee kwanza, nikiwa naangalia sitaki kuongeleshwa," na ni kweli sitaki, namjua mteja anapotaka kuanza kuniomba radhi kwa kosa langu mimi, nitalia hapa hapa, kwa hiyo nainama, magoti haya nayo yanataka grisi, nachungulia chini ya tumbo la injini, nilitandika boksi pale tangu nilipofika, boksi jeupe, limefunguliwa bapa, injini imenguruma juu yake muda wa kutosha, na boksi... kavu, hata tone, naligusa kwa kidole, kavu kabisa, na chini ya boksi ni vumbi na nyayo za kuku, ardhi haina doa, trekta linalovuja huwa linajiandika ardhini, unaweza kujua lililala wapi na wapi, hili halijaandika kitu, sasa nifurahi au nilie, maana kama haivuji basi inaungua ndani, na kuungua ndani ni kubaya zaidi, lakini kuungua kuna moshi wake, wa bluu, na una harufu inayokukaa puani, na aliponiwashia moshi ulitoka mweupe kidogo wa baridi ya asubuhi halafu ukatakata, nikatoa na kitambaa changu cha mkononi nikakiweka mbele ya bomba la moshi, kikatoka na masizi makavu, ya unga, ukipuliza yanaruka, hakuna mafuta, na hicho kitambaa nilikipenda...

"Mwanangu, huyo kijana umemwona alivyokonda?" anapaza sauti mama yake kutoka barazani, yupo pale anapukuchua maharage kwenye beseni, masikio yamechoka kwa hiyo anaongea kwa nguvu, anadhani na sisi wote masikio yamechoka, kijana anayemsema ana mvi kichwani, "nimemwona mama," najibu nikiwa huku chini, "halafu mwambie yale madumu yake, haya yenye vifuniko vyekundu, mimi mtu mzima nitaanguka!" "sawa mama, nitamwambia," nasema, sikusikiliza, natafuta pini ya klachi, iko wapi, ilikuwa hapa, marehemu ndiye aliyenionyesha, hizi trekta za zamani chini ya nyumba ya klachi kuna tundu, na ndani ya tundu kuna pini ndogo inaning'inia, kazi yake ni kutikisika tu ili tundu lisizibe, sili ya nyuma ya injini ikifa oili inaingia kwenye klachi, na inatokea hapo, kwa hiyo ukiona pini imelowa anza kusali, "pini hii ni mmbea," alikuwa ananiambia, "haina kazi nyingine ila kusema ya ndani," na tulicheka, tulikuwa wageni wa ndoa bado, nimelala chini ya trekta la mtu na gauni langu la kutokea, yeye anamulika tochi, ndivyo nilivyojifunza oili mimi, siyo darasani, kwa kulala chini na mwanamume mcheshi... ah, hii hapa, naitikisa, kavu, ina vumbi hata, mmbea hana la kusema, haya, si klachi, si sampu, si moshi, basi imeingia kwenye maji, gasketi ya kichwa cha injini imekwenda, lakini rejeta nayo niliifungua kabla hajawasha, ikiwa ya baridi, maana kufungua rejeta ya moto ni kutafuta kubabuka uso, maji yalikuwa ya kijani, dawa yake ya kuzuia kutu imo, yametulia, hakuna yale mafuta yanayoelea na kung'aa rangi rangi, na kifuniko cha kutilia oili nilikigeuza nikakichungulia, kama maji yamo kwenye oili unakuta kumefanya povu, rangi ya chai ya maziwa, hakuna, kisafi, hata bakuli la chini ya chujio la hewa, lile linalokaa oili ya kunasia vumbi, ambalo wakulima wote hulisahau mpaka injini ianze kukohoa, nimelifungua nimekuta oili imefika kwenye alama yake, na vumbi limekaa chini kwa adabu, huyu mtu anatunza, haki ya nani anatunza, trekta hili liko safi kuliko jiko langu.

Najinyanyua, najipangusa magoti, na yeye ananyoosha mkono kunisaidia halafu anaurudisha, halafu anaunyoosha tena, mpaka aamue mimi nimeshasimama, Bwana Taratibu ndiyo huyo, na jasho limemtoka, paji lote linang'aa, na jua lenyewe bado changa, maskini anaogopa majibu, na mimi nafikiri labda ni oili ya gia, labda nayo nilimharibia, lakini hapana, ya gia nilimchagulia kwa makini mno, nakumbuka siku ile alivyosimama kaunta kavua kofia, nikamweleza yote, kwamba trekta lake gia na mtambo wa kunyanyulia jembe vinakunywa chungu kimoja, ukiharibu huku umeharibu na kule, na kwamba kule ndani kuna bushi za shaba, na ile oili kali ya kisasa wanayoitangaza sana ina dawa inayotafuna shaba, polepole, huoni, unakuja kuona siku umekuta chembe za dhahabu kwenye oili unadhani umetajirika, kwa hiyo chukua hii ya daraja la chini, bei ndogo, isiyo na makuu, kwa trekta lako ndiyo bora, nikamweleza mpaka koo likakauka, naye akasikiliza kama anasikiliza habari za mvua, akashukuru, akaenda, wiki iliyofuata karudi, kaniuliza tena, "hivi ile habari ya shaba ilikuwaje," neno lile lile, nikamweleza tena mwanzo mpaka mwisho, anatikisa kichwa kama ndiyo kwanza anasikia, nikasema moyoni maskini, mtu mzuri lakini kichwa kigumu, na wiki nyingine ikawa maji ya betri, ni lazima yawe yale yaliyosafishwa au ya bombani yanafaa, swali ambalo hata mwanangu akiwa mdogo alilijua, na nyingine, hiyo sitaisahau, akataka maji ya breki, "maji ya breki ya nini," nikamuuliza, "breki za trekta lako ni za fimbo, unakanyaga, fimbo inavuta, hakuna maji hata tone, toka limetengenezwa," akasimama pale, akasema, "nitaweka akiba," akiba! maji ya breki ya trekta lisilo na maji ya breki, yakifunguliwa yanavuta unyevu yanaharibika, akiba ya nini, lakini akalipa akaondoka nayo kayakumbatia kifuani, na binti yangu siku hiyo alitoka nje kabisa, alisema anakwenda kukohoa... "Mama Oili," anasema tena, "mimi nilikuwa nafikiri, kabla hatujapima, ni bora nikuambie," "utaniambia tukishaona," namkatiza, "oili imeshashuka sasa, vuta stiki," na kama alama ni ya chini basi nitalibeba kosa, nitamtafutia fundi, nitasema mbele ya watu wote kwamba ni mimi, nitarudi kuuza ndoo na mifagio, "vuta," anavuta, taratibu, anaifuta kwa tambara, anaifuta tena, anaifuta mpaka nasikia meno yananiuma, "inatosha, chomeka," anachomeka, mpaka mwisho, anangoja, anavuta, anaishika imelala, namsogelea mpaka mabega yanakaribia kugusana, nusu kipofu bila miwani, naangalia...

Imejaa. Oili imefika juu, pale pale kwenye alama ya juu, haijapungua hata upana wa ukucha, naichukua kwa ncha ya kidole, naisugua na gumba, laini, haina mchanga, nainusa, haijanuka kuungua, rangi ni kahawia ya oili iliyofanya kazi halali, kwa hiyo alibadilisha, alisikia kila neno, alimwaga ya kwanza na tope lake, injini nzima jamani, injini nzima kabisa, sijamuua mtu, sijamuua Mzee, nataka kupiga vigelegele hapa hapa uani, jina langu limepona, marehemu huko aliko hana haja ya kujigeuza kaburini, mimi ndiye Mama Oili, nikichagua nimechagua! na nageuka nimwambie, na namkuta hajafurahi, mtu kaona mgonjwa wake mzima anaangalia ile stiki kama mwizi anavyoangalia kufuli lililofunguka mbele ya watu, anaifuta tena, na haina haja ya kufutwa, na hapo hapo ndipo swali linanirudi, sasa kama haivuji, haiungui, haiingii kwenye maji wala kwenye klachi, na stiki imejaa, ile yote ninayomuuzia... inakwenda wapi, anakunywa yeye? na mama yake huko barazani anapaza, "Baba'angu! Ukimaliza hapo njoo uyatoe haya madumu ya oili chini ya kitanda changu, leo tena nimejigonga kidole gumba, hata hujayafungua, unayaweka ya nini, unataka kufungua duka?" na Bwana Taratibu anafumba macho, amesimama na shati lake la pasi na stiki mkononi, na shingo inamwiva polepole kuanzia kwenye kola kupanda juu, na mimi... alaa... alaa kumbe... madumu yenye vifuniko vyekundu, yangu ndiyo yenye vifuniko vyekundu, hayajafunguliwa, yako chini ya kitanda cha mama wa watu, msimu mzima wa oili umelala uvunguni, na habari ya shaba aliyotaka kuisikia mara mbili, na maji ya betri, na akiba ya breki, jamani, akiba ya breki! aliyakumbatia! na binti yangu aliyekwenda kukohoa, na kalenda, kila mtu anajua, kuku wa hapa uani wanajua, mimi peke yangu ninayejiita bingwa nimelala chini ya trekta nachunguza pini.

Na kwanza napandwa na hasira, wacha niseme ukweli, napandwa na hasira za kweli, nimekosa usingizi mimi kwa ajili ya injini yako, nimeharibu kitambaa changu kizuri, nimetambaa vumbini na magoti haya, nimekilaani kiwanda cha watu bure, kumbe mtu mzima mwenye mvi ana domo zege, hawezi kusema habari za leo nimekuja kukuona, mpaka amsingizie Mzee wa watu ulafi, na mdomo naufungua nimpe zake, naufungua kabisa, na kinachotoka siyo maneno, ni kicheko kinataka kutoka, nakibana, kinapita puani, nakigeuza kikohozi, nakohoa kama binti yangu alivyokohoa, najiegemeza kwenye tairi kubwa la nyuma nakohoa, na yeye anafungua macho, ana hofu, anadhani nimepaliwa vumbi... na nikishatulia kinabaki kitu kingine kabisa ambacho sikukitarajia, kinaniwasha machoni, maana tangu marehemu aondoke kila anayeingia dukani kwangu ana chake anachokitaka, filta, grisi, filta, mkanda wa feni, na akishakipata ananigeuzia mgongo, na ni sawa, ndiyo biashara, sijawahi kulalamika, hata wanangu wakija huwa wana wanachokitaka, nami nikazoea, nikajihesabu ni sehemu ya kaunta, na huyu, huyu alikuwa hana anachokitaka pale ndani, trekta lake zima, stoo yake imejaa, akawa kila wiki anakaa huko kwake anatafuta cha kutaka, anakuna kichwa, leo nikaulize nini, shaba nimeshauliza, haya maji ya breki, anapiga pasi shati, anashika njia yenye vumbi, anafika anaangalia viatu vyake, na anaporudi kapata nini? sauti yangu tu, inayomfokea kuhusu bushi... nimependwa, nasema neno lenyewe kichwani kimoyomoyo na linanitisha, nimependwa umri huu, na harufu yangu hii ya grisi, na watu watasema, watasema sana, wana nafasi, mama mwenye duka na Bwana Taratibu, watacheka mpaka basi, wacheke, binti yangu ameshaanza mbona sijafa, na marehemu, huyo ndiye angecheka kuliko wote, angepiga paja lake, angesema umeona mke wangu, pini ilikuwa imelowa muda wote wewe unatafuta kwenye trekta... na mimi je, mimi nampenda? sijui, nitajuaje, lakini Alhamisi mbona huwa nachelewa kufunga kwenda kula, na ile Alhamisi aliyoumwa hakuja, mbona niligombana na kila mteja mpaka jioni nikasema ni joto, kumbe, kumbe na mimi mwenyewe sikujua kujipima.

"Kwa hiyo," anasema, sauti imemkauka, hanitazami, anaitazama stiki, "imesemaje," na naona ameshajikabidhi, anangoja nimtimue, ameshika ile stiki kwa mikono miwili, tone moja la oili linateremka polepole kuelekea kwenye pindo la mkono wa shati la pasi, na najua cha kusema, cha kweli kiko mdomoni, injini yako nzima, haili hata kijiko, kwaheri, na nikikisema hicho kazi yangu hapa imekwisha, nachukua boksi langu naondoka, na yeye kwa aibu hii hatakanyaga tena dukani, namjua, ataagiza oili kwa mtu mwingine mpaka afe, yaani hapa ndipo, sasa hivi, katika pumzi hii moja, na mdomo huu ambao haujawahi kunyamaza maishani mwake umekauka kama wa kwake, domo zege, na mimi pia, haya tumekutana... nalifuta lile tone kwa kidole changu kabla halijaifikia nguo, na mkono wake unatulia. "Haijasomeka vizuri," nasema, kwa sauti ya dukani kabisa, ile ya bingwa, "pengine nyingine bado haijashuka, ifute, ichomeke, tungoje kwanza," na oili imeshashuka zamani, imejaa, inaonekana hata kwa kipofu, yeye anajua na mimi najua, na mama yake barazani ameacha kupukuchua maharage, na Bwana Taratibu anainua uso, taratibu, kutoka kwenye stiki, kwenye viatu vyangu, mpaka kwangu, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ana macho mazuri, mbona sikuwahi kuyaona, na anauliza, "tungoje kiasi gani?" "Mimi sina haraka," nasema, na ni kweli, jamani, sina haraka yoyote.